Vyuo vinatoa vyeti vya kuchomelea kwa vijana ambao hawajaunguza hata pakiti moja ya rodi. Huu ni wizi!

Wakuu, heshima zenu.

Hili limenikaa kooni muda mrefu na leo sinyamazi. Nina karakana ya kuchomelea hapa Tabora mjini. Cheti changu ni cha ile trade test ya zamani, grade one, kabla haya mambo ya ngazi za vyeti, level one, two, three, hayajaingia. Kila mwaka wanapita kwangu vijana wa field na vijana waliokwisha kumaliza chuo wanaotafuta kibarua, na kila mwaka hali inazidi kuwa mbaya. Kijana ana cheti cha uchomeleaji na uungaji vyuma, kina mhuri, kina picha yake, wazazi wameuza ng'ombe kukipata. Ukimpa rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka kuunga vyuma, anaigonga kwenye chuma, inang'ang'ania, anaing'oa kwa nguvu, anarudia, inang'ang'ania tena. Ampia, yaani nguvu ya umeme, hajui aweke ngapi. Anaangalia mashine, ananiangalia mimi.

Kijana huyo hana kosa, na nasema hivyo mapema kwa sababu najua wapo watakaokuja hapa na ule wimbo wa "vijana wa siku hizi wavivu". Kosa ni la chuo kilichopokea ada yote mpaka shilingi ya mwisho, kikampa karatasi, kikamnyima rodi za kuunguza.

Kwa wasioijua kazi hii, kuchomelea hakuishii kichwani, lazima kuingie mkononi. Unaweza kukariri daftari zima, ukajua rodi namba 6013 ni ya nini na namba 7018 ni ya nini, ukafaulu mtihani wa kuandika kwa alama za juu. Lakini kama mkono haujazoea ile nafasi ndogo kati ya ncha ya rodi na chuma, kuishikilia palepale huku rodi yenyewe inazidi kuwa fupi, na kusogea kwa mwendo mmoja bila kutetemeka, huna kitu. Jicho nalo lazima lijifunze kutofautisha chuma kilichoyeyuka na slagi, ule uchafu wa rodi unaoelea juu yake, maana nyuma ya kioo cheusi vyote viwili vinang'aa. Hilo halisimuliwi. Unaunguza, unagonga slagi, unaangalia, mwalimu anakuonyesha ulipoharibu, unaunguza tena. Na hapo bado tuko kwenye chuma kilicholala. Kuna cha wima, kuna cha juu ya kichwa ambapo cheche zinakushukia shingoni, halafu kuna bomba.

Sasa tupige hesabu pamoja. Pakiti ya kilo 5 ya rodi za milimita 3.2 ina rodi kama 150 hivi. Rodi moja inaungua kwa dakika moja na kidogo. Maana yake pakiti nzima, ikiungua yote bila kupumzika, haimalizi saa tatu za moto. Darasa lina wanafunzi 40. Wagawie pakiti hiyo: kila mmoja hapati hata rodi nne, yaani dakika nne au tano za kuchomelea. Chuo kikitoa pakiti moja kwa wiki kwa darasa lote, kimempa kila mwanafunzi dakika tano za kazi aliyokuja kuisomea. Na niamini, kuna vyuo ambavyo pakiti moja kwa wiki ni ndoto.

Mpwa wangu kasoma chuo kimoja cha binafsi, mkoa sitautaja. Ada zaidi ya laki nane kwa mwaka, bado ovaroli, bado buti, bado "mchango wa vifaa vya mafunzo" ambao dada yangu aliulipa kila muhula. Karakana ya chuo ilikuwa na mashine tatu, moja mbovu tangu anaingia mpaka anatoka. Siku za vitendo walikuwa wanasimama duara, mwalimu anaunguza rodi moja au mbili, wao wanatazama. Wengine hawana hata vioo, wanatazama kwa kuchungulia kati ya vidole! Zamu yako ikifika, unapewa kipande cha rodi kilichobaki. Wanaotaka zaidi wanunue rodi zao dukani. Nauliza, ule mchango wa vifaa ulinunua nini?

Aliponijia na cheti chake cha level two nilimpa vipande viwili vya bamba la milimita 10 aviunge vikiwa wima. Hakujua kwamba kingo za bamba nene kama lile zinachongwa kwanza ili moto uzame mpaka chini. Aliziweka bega kwa bega akapaka chuma juu. Kwa nje palionekana pameshika. Niliweka kwenye jiliwa, nikapiga nyundo mara moja, pakafunguka. Ndani mlikuwa na mfereji mtupu na slagi nyeusi. Mtoto alilia. Ametumia miaka miwili ya maisha yake, na hakuna mtu hata mmoja pale chuoni aliyewahi kuvunja kazi yake akamwonyesha ndani kulivyo.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kupima kazi ya mchomeleaji si jambo la kubahatisha, dunia nzima inajua jinsi ya kupima. Unakata vipande vya mkanda kutoka kwenye kiungo, unavikunja kwenye mashine ya kukunjia, na ufa ukizidi milimita 3 umefeli. Au unapiga eksirei na kila tundu la hewa linaonekana. Chuo kikikosa eksirei, msumeno na jiliwa havikosekani. Lakini mtihani wa mwisho wa mpwa wangu ulikuwa kutengeneza stuli. Mkaguzi akaikalia, ikambeba, wakapita wote.

Sasa mseme mnataka vijana hawa waende kwenye mradi mkubwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na kilomita 1,147 ziko kwetu. Limepita kwenye mikoa minane na huu wetu umo. Kiwanda cha kuyapaka mabomba yale kizuizi joto kimejengwa Sojo, Nzega, humu humu mkoani. Bomba lenyewe ni la inchi 24, linaungwa kipande kwa kipande, viungo makumi ya maelfu. Tulipousikia mradi huu tulishangilia, tukasema vijana wetu wa kuchomelea wamepata. Sheria ya Petroli ya 2015 inataka Watanzania wapewe kipaumbele. Vizuri sana. Lakini kipaumbele hakichomelei bomba. Anayetaka kugusa kiungo cha bomba la mafuta anapimwa kwanza kwa viwango vya kuchomelea mabomba kama API 1104, na fundi wa mabomba anayejiamini huulizwa kama amepita mtihani wa 6G: bomba limefungwa likiwa limeinama nyuzi 45, haruhusiwi kuligeuza, anazunguka yeye. Anaanza chini, anapanda upande, anamalizia juu, mkono unabadilika kila sentimita chache. Mtoto aliyeunguza vipande vya rodi kwenye stuli utampeleka huko? Nimewaona wakienda kwenye usaili wa aina hiyo kwa mkandarasi mmoja na kurudi siku ileile. Wengine hawakufika hata kwenye eksirei, walikataliwa kwenye tabaka la kwanza la mzizi kwa macho tu. Baadaye tunakaa vijiweni kulalamika kwamba wageni wamejaza kazi zetu.

7018 tu, rodi ya kawaida kabisa kwenye kazi za maana, wengi wao hawajawahi kuishika. Hawajui kwamba haitaki unyevu, kwamba ukishafungua pakiti unaitunza kwenye oveni yake, kwa sababu unyevu ukiingia unapeleka haidrojeni kwenye chuma na kiungo kinapasuka baadaye, pengine siku umeshaondoka. Mwaka jana alikuja binti wa field, mkono wake umetulia kuliko mafundi wangu wawili, anapandisha wima utafikiri amezaliwa nayo. Akaniuliza kwa nini 7018 "haiwaki vizuri". Alikuwa level two. Hakuna aliyemwambia. Kipaji kama kile kimepita mikononi mwa walimu na hawakumpa hata pakiti moja!

Na field yenyewe nayo ni aibu. Mwalimu hafiki. Anapiga simu: "Fundi, vijana wapo? Nisainie logibuku, nitapitia." Hapitii. Nanyi wenzangu wenye karakana nisiwaache: kuna wanaompokea mwanafunzi wanamgeuza mpiga brashi ya rangi, msukuma grenda na mnunuzi wa chipsi mpaka muda wake unaisha, halafu wanamwandikia "amejifunza vizuri". Mnashiriki wizi uleule.

Kuhusu afya nitasema kwa ukali zaidi. Watoto wanatoka chuoni wakiamini kwamba miwani ya jua inatosha kuchomelea. Haitoshi! Kioo ni namba 10 au 11 kwa kazi zetu za kawaida za arki, yaani moto wa umeme. Usiku wanaamka macho yamejaa mchanga, machozi yanatiririka, wanabandikwa viazi, asubuhi wanarudi tena kazini. Wanachomelea bomba lenye zinki ndani ya chumba kilichofungwa, jioni wanatetemeka kwa homa, wanapelekwa kupimwa malaria, haionekani. Ni moshi wa zinki ule. Wanaambiwa wanywe maziwa yasafishe mapafu, na nimesikia mwalimu wa chuo akisema hivyo kwa kinywa chake. Maziwa yanaenda tumboni! Mapafu yanahitaji hewa safi, barakoa ya moshi na kuchomelea mahali pa wazi. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003. Chuo kinachomsimamisha mtoto wa miaka 17 mbele ya arki bila kioo kimevunja kitu kikubwa kuliko kanuni ya darasa.

Atakuja mtu kusema vifaa ni ghali, umeme ni ghali, vyuo havina fedha. Najua bei ya rodi, nanunua kila wiki. Najua bili ya umeme ya mashine za kuchomelea. Ndiyo maana nasema: kama huwezi kuzimudu, usifungue kozi hiyo. Hakuna aliyelazimishwa. Fungua ya kompyuta, fungua ya hoteli, kama hizo unazimudu. Na serikalini pia hela ipo, waajiri wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, kwa mujibu wa sheria. Tozo ya ujuzi inunue rodi, bamba na gesi. Majengo mapya ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye wilaya nayafurahia, sina ubaya nayo, lakini stoo ya jengo jipya ikiwa tupu mtoto anajifunza nini?

NACTVET wanaosajili na kukagua vyuo, nawaomba wakienda ukaguzi waache kuhesabu madawati. Waombe daftari la stoo: rodi ngapi zimeingia, zimetoka lini, kwa darasa gani. Waende kwenye pipa la vipande vya rodi vilivyobaki, waone vimerundikana au hapana. Wachukue kazi ya mwanafunzi yeyote wanayemchagua wao, waikate pale pale. Nusu saa inatosha kumjua mwalimu na mwizi. Na hiki kipimo cha kukata na kukunja kiwe lazima kabla ya cheti chochote cha kuchomelea, kuanzia level two. Atakayefeli arudie bila kulipa upya, maana kazi ya kumfikisha ilikuwa ya chuo.

Upande wa pili wapo vijana wa Gerezani, wa Mwanza, wa Arusha, waliojifunza mtaani kwa fundi, wameunguza maelfu ya rodi na hawana karatasi yoyote. VETA wana utaratibu wa kuwapima na kurasimisha ujuzi walioupata nje ya chuo. Ni utaratibu mzuri mno na hautangazwi inavyostahili. Kijana wa namna hiyo, ukimwongezea kusoma michoro na mazoezi ya bomba, anamwacha mbali mwenye cheti cha kutazama.

Wazazi, kabla hujalipa hata shilingi, ingia karakanani siku ya vitendo bila kutoa taarifa. Hesabu mashine zinazowaka. Uliza mwanao ataunguza kilo ngapi za rodi kwa muhula na uandikiwe kwenye karatasi ya kujiunga. Wakikuzungusha kwa maneno, ondoka na hela yako.

Na kila mwenye mtoto au mdogo wake anayesomea kuchomelea sasa hivi, mpigie simu leo, muulize ameunguza rodi ngapi tangu muhula ufunguliwe. Andika hapa chini idadi, level na mkoa, jina la chuo liache. Mpwa wangu, level two nzima: hazifiki ishirini, na zaidi ya nusu alinunua mwenyewe.