Vikao vya AA Dar: vinapatikanaje, na siku ya kwanza inakuwaje?

Mwana_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 34, anakunywa kila siku, na asubuhi lazima azimue ndipo mikono itulie. Mwenyewe amesema anataka kuacha, amesikia habari za vikao vya AA (Alcoholics Anonymous), ambako wanaotaka kuacha pombe husaidiana wenyewe kwa wenyewe. Vinapatikanaje hapa Dar? Ni bei gani? Muislamu anaruhusiwa? Na mimi naweza kuingia naye?

Nesi_wa_zamu
Kabla ya kikao, hapo kwenye kuzimua pana jambo. Mikono inayotulizwa na glasi maana yake mwili umeshaizoea pombe. Akiikata ghafla, kutetemeka na jasho huanza masaa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kumpata ndani ya masaa 48, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huanza kuona wadudu ukutani na kuongea na watu wasiokuwepo. Hali hiyo inaua.

Mpeleke hospitali kwanza, mseme wazi anakunywa kiasi gani kwa siku na mara ya mwisho ilikuwa lini. Msisingizie malaria kwa aibu. Akitaka kutundikiwa dripu ya glukosi, uliza kama ameshapewa vitamini B1, maana glukosi ikitangulia kwa mnywaji asiyekula vizuri inaweza kumdhuru ubongo. Usimnunulie diazepam duka la dawa ukampa nyumbani: ikikutana na pombe inaweza kukata pumzi. Na kliniki za methadone msipoteze nauli, zile ni za heroini.

Kiti_cha_nyuma
Mkuu, vikao havina bei. Sharti la kujiunga ni moja, kutaka kuacha kunywa. Hupitishwa kikapu cha kodi ya chumba na majani ya chai, na mgeni akikipitisha bila kutia kitu hakuna atakayemtazama. Wakikudai ada ya kujiandikisha, ujue hiyo si AA. Soba hausi ni kitu kingine kabisa, kule mtu analala na analipiwa.

Kuvipata: pakua programu ya Meeting Guide, inaonyesha vikao vilivyo karibu. Usiiamini moja kwa moja lakini. Vikundi vya huku ni vidogo, vinaazima ukumbi wa kanisa au chumba cha ofisi. Mwenye ufunguo akisafiri, kikao kimehama. Kama kuna namba ya simu piga siku moja kabla, uulize kama kipo kweli, lugha ni ipi, na kama ni cha wazi au cha kufungwa. Cha wazi utaingia naye. Cha kufungwa ni cha wanaotaka kuacha tu, wewe utamsubiri nje. Pia "7 pm" ni saa 1 usiku. Wapo wanaokwenda saa 7 mchana wakakuta kufuli.

Ukumbi kuwa wa kanisa hakufanyi kikao kuwa ibada. Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu kila mtu kwa anavyomwelewa, na sala ya kufungia anaweza kunyamaza. Angalieni tu vya saa 12 jioni, vinagongana na Magharibi.

Bi_Hatua
Ndani kwenyewe ni viti vya plastiki kwenye duara na chupa ya chai, kama saa nzima hivi. Mwenyekiti wa siku hiyo anasoma utangulizi, halafu anauliza kama kuna mgeni. "Naitwa Juma, leo nimekuja kusikiliza" inatosha. Jina la kwanza tu. Kila mtu anaongea dakika 3 hadi 5, haingiliwi wala hashauriwi, na hapo ndipo wageni wengi wanateleza. Akija kalewa, kwa kawaida hafukuzwi akitulia, ila ataombwa asiongee.

Kosa kubwa ni kuondoka sala ikiisha. Namba hugawiwa kwenye chai. Achukue 3 au 4, kesho yake apige moja hata kama hana shida. Asiyezoea kupiga akiwa mzima hatapiga kiu ikimbana. Sponsa, yaani mwenzake mzoefu wa kumwongoza, awe wa jinsia yake, mwaka au zaidi bila pombe, na awe amezipitia hatua zote. Wasikopeshane.

Atasikia habari ya vikao 90 kwa siku 90. Ushauri huo unafaa miji yenye vikao kila mtaa. Hapa achanganye vya ana kwa ana na vya mtandaoni.

Mwana_Tabata
Asanteni sana. Anaogopa kuonwa na watu wa mtaani. Hivyo vya mtandaoni vikoje?

Kiti_cha_nyuma
Orodha iko aa-intergroup.org, vingi ni vya Zoom. Abadilishe jina kabla ya kuingia, maana mara nyingi linatokea lile aliloandikisha kwenye akaunti. Kamera azime, na avae spika za masikioni: siri za wenzake si za kusikika sebuleni. Saa ndizo zinazowachanganya watu. Kikao cha saa 12 jioni London, huku ni saa 2 usiku kuanzia mwisho wa Machi, na saa 3 usiku kuanzia mwisho wa Oktoba. Wao hubadilisha saa, sisi hatubadilishi.

Bi_Hatua
Na wewe kaka, vya kwako ni Al-Anon, vilianzishwa 1951 kwa ajili ya ndugu wa wanywaji. Utafute hata kama yeye atakataa kwenda. Na deni lake la grosari usimlipie.