Siasa ipigwe marufuku kwenye grupu la marafiki na la chama cha akiba?

Mleta mada
Kenya inapiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Magrupu ya WhatsApp ya waliosoma pamoja, ya majirani na ya vyama vya akiba yameshaanza kuchemka. Msimamo wangu: grupu lisiloundwa kwa ajili ya siasa liifungie mlango kabisa, pasiwe na "kidogo tu".

Kwanza, tangazo la mazishi au la mchango huzama chini ya mabishano ya usiku kucha, na asubuhi nani atapanda juu kulitafuta? Pili, tangu 2022 mtu akijitoa ni admini pekee wanaoarifiwa, kwa hiyo rafiki huondoka kimyakimya na wenzake hugundua wiki kadhaa baadaye. Tatu, viongozi hupatana. Machi 9, 2018 Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga walipeana mkono mbele ya Jumba la Harambee, baada ya kura mbili za 2017 zilizoigawa nchi. Marafiki waliotukanana kwa ajili yao walibaki na skrinshoti.

Mweka hazina wa chama
Naunga mkono, ila marufuku ya mdomo haina nguvu. Iandikwe kwenye katiba ya chama na ipitishwe kikaoni kabla kampeni hazijaanza, kwa sababu ukiileta katikati ya joto, upande mmoja utasema imetungwa dhidi yao.

Utaratibu unaofaa: kosa la kwanza, admini afute ujumbe na kumwandikia mhusika faraghani. La pili, faini ndogo, tuseme shilingi 200, iingie mfuko wa pamoja. La tatu, faini iongezwe. Lakini msimtoe mtu kwenye grupu akiwa na mkopo, na msimnyime zamu yake ya kupokea pesa za mzunguko. Ukimtoa umempa sababu ya kutolipa: atasema hakupata taarifa ya tarehe, na mzigo utaangukia wadhamini wake, ambao huwa ndio marafiki zake wa karibu. Hapo ugomvi wa siasa umegeuka kuwa deni.

Na grupu la pesa litenganishwe na la soga. La pesa liwekwe admini pekee ndio waandike. Mpangilio huo upo tangu 2018.

Mwalimu wa Kiswahili
La pesa, sawa. La marafiki, napinga. Ukiziba grupuni, maneno yanahamia kwenye stetasi, na huko yanakuwa vijembe. Pwani tunaujua mtindo huu kwa kanga: mvaaji hamtaji mtu, na akiulizwa husema hayo ni maandishi ya nguo tu. Stetasi hudumu saa 24, na mwandishi huona orodha ya waliosoma. Rafiki asome anyamaze, kimya chake kinahesabiwa kuwa jibu. Afadhali mabishano ya wazi, ambapo mtu anaweza kusema "hapana, sikumaanisha hivyo."

Cha kuchunga ni kiwakilishi. Mabishano yakiwa mazima utasoma "wewe ulisema bei ya unga itashuka". Yakianza kuoza yanageuka "nyinyi mlituambia", kisha "watu wenu". Anayejibiwa ni mtu mmoja, lakini jamaa zake wote wameshaburutwa. Kwetu Kenya hilo lina uzito wa pekee, maana jina la ukoo linatosha mtu kukisia umempigia nani kura. Hata ambaye hajaandika neno moja anajikuta ndani ya "nyinyi", na huyo ndiye anayejitoa usiku bila kuaga.

Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi: hoja ya "wewe" ibaki, ya "nyinyi" na "wenu" ifutwe hata kama aliyeiandika ni mzee wa grupu. Wawili wakijibizana mara tatu mfululizo, wahamie faraghani, na huko wapigiane simu badala ya kuandikiana. Sauti hubeba utani na upole. Maandishi huvipoteza vyote viwili. Na stika ya uso wa mwanasiasa isitumwe kamwe kumjibu mtu aliyeeleza hoja ndefu. Ni kumwambia hukumsoma.

Mhakiki wa habari
Mwalimu, nakubali habari ya "nyinyi", lakini mnaruka chanzo. Ugomvi mwingi haushiki kwa maoni ya rafiki. Unashika kwa ujumbe ambao rafiki hakuuandika. Angalieni mishale: ujumbe uliopitishwa mikono mitano au zaidi huja na mishale miwili, na tangu Aprili 2020 unaweza kuufowadi kwa gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Grupu likikataa mishale miwili ya siasa, bila kuuliza ni ya upande gani, limepunguza moto bila kumziba mtu mdomo. Mwenye hoja aiandike kwa maneno yake.

Hatari zaidi ni usiku wa matokeo. Agosti 2022 fomu za 34A, yaani za matokeo ya kila kituo, za vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, kila runinga ikajumlisha kwa mpangilio wake, na kwa saa zilezile mgombea mmoja aliongoza kwenye runinga hii na kuwa nyuma kwenye ile. Picha za skrini zikasambaa bila idadi ya vituo, na marafiki wakaitana waongo ilhali kila mmoja alikuwa na picha halisi. Picha ya matokeo isipokuwa na saa, chanzo na idadi ya vituo vilivyohesabiwa, ifutwe.

Wakili
Kwa ufupi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, haimgusi mtunzi peke yake, inamgusa na anayesambaza maandishi ya chuki ya kikabila: faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. "Mimi nimefowadi tu" si kinga. Aliyetuma anaweza kujifutia kwa wote ndani ya siku mbili na saa 12 hivi.

Kuhusu muda: Katiba inataka rais atangazwe ndani ya siku 7 baada ya kura, kesi ifikishwe Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 nyingine, na iamuliwe ndani ya 14. Jumla haizidi siku 28. Mwaka 2022 ilikuwa Agosti 9 hadi Septemba 5.

Mleta mada
Basi narudi nyuma hatua moja. Grupu la pesa, marufuku mwaka mzima. La marafiki, kanuni ya Mwalimu na ya mishale miwili, halafu lifungwe kwa siku hizo 28, matangazo tu. Uchaguzi ukibatilishwa kama 2017, kuna kura mpya ndani ya siku 60, na kufuli linaendelea.

Mwalimu wa Kiswahili
Siku 28 ni nyingi kwa watu waliozoea kusalimiana kila asubuhi. Fungeni saa 72 za kwanza, kisha mpige kura grupuni kama mwendelee. Na mbona hakuna aliyegusa hili: admini mwenyewe akiwa wakala wa mgombea?

Mweka hazina wa chama
Avuliwe uadmini siku anapopewa kazi hiyo, si siku anapokosea. Wawe admini watatu, na ujumbe wa siasa usifutwe mpaka wawili wakubaliane. Na kila wanachofuta wakinakili kwanza, ili mwenye ujumbe akija kikaoni kulalamika, kila mtu ausome mwenyewe.