MREJESHO: Ile Krugerrand ya babu nimeshapima

Habari wakuu, mimi ndo yule wa Arusha niliyeuliza kama Krugerrand (sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini) ya 1974 aliyotuachia babu ni orijino au feki. Asanteni sana, hasa mliosema nianze na mizani, kwa sonara ikasoma gramu 33.9, kalipa nimeazima kwa fundi Ngarenaro ikatoa unene milimita 2.8, vyote sawa na ya orijino, sumaku haikushika kabisa, na ule wekundu ulionitisha kumbe ni shaba tu iliyochanganywa na dhahabu, si ni karati 22. Ile ya kugonga usikilize mlio imenishinda, kwangu kila chuma kinalia vilevile. Ila jamani nilishaisugua na dawa ya meno kabla sijaona mliposema isisafishwe, sasa ina mikwaruzo na sonara anataka anipe bei ya dhahabu ya kuyeyusha. Siuzi, na mama hataki hata kusikia.