Naomba ushauri: alteneta ya Cessna 206 inashindwa mzigo wa umeme

Habari za leo wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi ni fundi mwanafunzi hapa Arusha, kuna ndege ndogo, Cessna 206, inaninyima usingizi wiki hii. Mfumo wa umeme ni wa volti 28, betri ya 24. Nikiwasha injini bila mzigo nikaipandisha mpaka RPM 1800 mita inasoma 28 safi kabisa, ila nikiwasha taa za kutua na hita ya pito (kale kabomba ka kupimia kasi ya ndege) inashuka mpaka 25 na taa nyekundu ya volti inawaka. Halafu redioni kuna mlio mwembamba kama mbu, ukiongeza mafuta nao unapanda, hiyo ndo inanisumbua zaidi.

Betri nimechaji, waya wa ethi nimesafisha na kukaza upya, brashi bado ndefu. Fundi mkuu yuko safarini na sitaki kubadilisha vitu kwa kubahatisha, hii inabeba watu jamani.

Je, huo mlio ni dalili ya dayodi moja (zile za kugeuza AC kuwa DC) kufa ndani ya alteneta, au regyuleta (kidhibiti volti) nayo inaweza kuuleta? Na nikipima moto (volti) kwenye fildi (koili ya sumaku ya alteneta) mzigo ukiwa umewashwa, nitegemee upande au ushuke?