Naomba ushauri: mwalimu wa kwaya anataka kutoa gitaa

Jambo yenu, ndugu na dada. Niko Lubumbashi, komini ya Kenya, napiga gitaa ya solo kwenye kwaya ya parokia. Mwalimu wetu mpya, mzee ninayemheshimu, anasema sebene (ile sehemu ya rumba ya Kongo ambapo gitaa zinazunguka na watu wanacheza) ni kelele ya akodi tatu, yaani nota zinazopigwa pamoja; muziki wa Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, ndio wenye akili. Anataka tubaki na kinanda peke yake.

Kuhusu akodi hana kosa. Fuga ya Bach, utunzi wa sauti zinazofuatana, hubeba sauti tatu au nne, kila moja na njia yake. Sisi tunazunguka akodi zilezile dakika tano nzima. Lakini gitaa ya solo, mi-solo (gitaa ya kati, kati ya solo na ile ya akodi) na besi zinafumana, kila mmoja anaingia kwenye nafasi aliyoacha mwenzake. Juzi nilimwomba apige mi-solo kwenye kinanda, mkono wa kulia tu. Alishika mizunguko miwili, wa tatu akateleza, akafunga kinanda. (Nilicheka. Hapo nilikosea.)

Nikamtajia Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952: gitaa moja, kidole gumba na cha shahada, besi na wimbo kwa pamoja. Akanijibu huo ni muziki wa baa.

Mkutano ni Jumamosi. Wenye ujuzi, nisaidieni: ugumu wa muziki unapimwa kwa akodi na nota za karatasi tu, au mdundo nao una kipimo chake? Na nimwelezeje mzee bila kuonekana nashindana naye, hasa baada ya kile kicheko?