Video za kamera yangu ya DSLR zinatoka na chenga, nataka kumrekodi babu kihambani Uru: naombeni ushauri

kijana_wa_uru

Habari zenu wakuu. Niko Moshi mjini, nina Canon 700D iliyotumika, nimeichukua kwa mtu Arusha pamoja na lenzi yake ya 18-55. Picha za mnato inapiga vizuri sana. Kwenye video ndiko ninakokwama.

Desemba hii ukoo unakutana nyumbani Uru, na wazee wamenikabidhi kazi ya kumrekodi babu. Anajua jinsi kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa) kilivyogawanywa, zamu za maji ya mfongo (mfereji wa asili) zilivyopangwa, na kahawa ilivyokuwa ikipelekwa KNCU, chama cha ushirika cha Kilimanjaro, hadi watoto wakasomeshwa kwa kahawa hiyo hiyo. Kwetu hakuna aliyeyaandika hayo, na babu ndiye aliyebaki anayeweza kuyapanga tangu mwanzo. Nataka wajukuu wa wajukuu wake wamwone uso na wamsikie vizuri.

Nimejaribu kwa kupima. Sebuleni picha imejaa chenga, na taa ikiwaka kuna mistari ya giza inatembea polepole kwenye picha. Nikimtoa nje chini ya migomba, uso unakuwa wa kijani wenye mabaka ya jua. Shati lake la drafti linatoa rangirangi zinazocheza. Nikivuta lenzi kumleta karibu, picha inaingia giza. Na kwenye sauti, migomba inasikika kuliko yeye.

Nimetenga laki tatu. Nianze na lenzi, maiki au taa? Au kamera yenyewe haifai kwa video?

Fundi wa Sakina

Mkuu, kamera yako inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mengi uliyoyataja yanatokana na kuiachia ijiamulie.

Tuanze na mistari. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za nyumbani zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ingia kwenye menyu, mfumo wa video utoe kwenye NTSC uweke PAL, hapo utapata fremu 25 kwa sekunde. Gurudumu la juu liweke M, yaani unapanga mwenyewe, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iweke 1/50 isibadilike. Muda huo unabeba mipepeso miwili kamili ya taa, basi mwanga unakuwa sawa juu hadi chini. Ukiiacha 1/60 hesabu haikamiliki, ndipo mistari inaanza kutembea. Faida nyingine ya 1/50 kwa fremu 25 ni kwamba mkono wa mtu ukisogea unaonekana laini, haukatikikatiki. Kuna taa za LED za bei rahisi ambazo hazitulii kwa shata yoyote. Hizo zima tu, utumie mwanga wa dirisha.

Chenga zinaletwa na ISO, yaani kiasi ambacho kamera inakuza mwanga iliyoupata. Giza likizidi kamera inaipandisha yenyewe bila kukuuliza. Iweke kwa mkono, na kwa 700D mimi sipendi kuvuka 1600.

Giza la kuvuta lenzi: hiyo 18-55 ukiwa kwenye 18 inafunguka hadi f/3.5, ukifika 55 mwisho wake ni f/5.6 (f ni tundu la lenzi: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Zaidi ya nusu ya mwanga umeshapotea njiani. Usivute wakati unarekodi. Ukitaka kuwa karibu, simamisha, beba tripodi, sogea.

Mtindo wa picha weka Neutral, ukali ushushe hadi mwisho, utaongeza kidogo wakati wa kuediti. Na mwombe babu avae nguo ya rangi moja. Kamera za kizazi hiki zikirekodi video zinaruka baadhi ya mistari ya sensa, ndiyo maana drafti ndogo na mabati ya mbali yanazichanganya. Hapo hakuna mpangilio utakaokusaidia, ni kubadilisha shati.

Mdau_Njiro

Mimi naona anapoteza muda. Auze, aongezee, achukue hizi kamera za sasa zisizo na kioo ndani. Fokasi inamfuata mtu usoni yenyewe, 4K ipo. DSLR zimepitwa na wakati.

Mama Redio

Kaka wa Njiro, kijana ana laki tatu na Desemba hiyo inakuja. Babu mwenyewe hasubiri. Tumsaidie kwa alichonacho.

Mdogo wangu wa Uru, mimi nimefanya kazi ya redio hapa Moshi miaka mingi. Hela yako ya kwanza ipeleke kwenye sauti. Hiyo maiki ya ndani ya kamera inajipandisha na kujishusha yenyewe. Babu akinyamaza kidogo kutafuta jina la mtu, kamera nayo inapandisha sauti kutafuta cha kusikia, na inachokipata ni majani ya migomba. Akianza tena kuongea, inashusha ghafla, na neno lake la kwanza linamezwa. Sikiliza tena ulichorekodi, utaligundua hilo kila baada ya kituo.

Nunua maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye nguo, ile inayochomekwa kwenye simu. Ibane kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu. Usiifiche ndani ya koti, kitambaa kitaisugua. Ivalishe sponji yake. Simu iwe mfukoni mwake, hali ya ndege, asije akapigiwa katikati ya habari. Washa simu, washa kamera, kisha piga kofi moja mbele ya lenzi. Kwenye kuediti utalinganisha mlio wa kofi na viganja vinapokutana, sauti na midomo vitakwenda pamoja. Sauti ya kamera usiizime, ndiyo ya kulinganishia. Kabla hujaanza, rekodi dakika moja, ichezeshe, isikilize kwa hedifoni. 700D haina tundu la hedifoni la kukusikilizisha ukiwa unarekodi, kwa hiyo dakika hiyo usiiruke.

Migomba iache nyuma kabisa ya picha. Majani yake yakipigwa na upepo yanatoa sauti kama mvua, na hakuna programu itakayoitoa bila kumharibu babu. Zima na redio ya jikoni. Kama kuna friji, ichomoe kwa muda, ukishamaliza uirudishe.

Jambo jingine halihusu vifaa. Akitaka kusimulia kwa Kiuru, mwache. Maneno ya Kiswahili utayaandika chini ya picha baadaye. Ukimbana aongee Kiswahili mbele ya kamera, atakujibu kama mtu aliyeitwa ofisini.

Kahawa Chungu

Naongezea kwenye mwanga. Huo ukijani ni jua linalopita kwenye majani kabla ya kumfikia usoni, na mabaka ni pale majani yalipoachana. Mweke barazani, pembeni kabisa ya kivuli, uso uelekee uani. Uani kukiwa na jua, mwanga wake unamrudia usoni laini. Upande wenye giza mtandikie shuka nyeupe kwenye kiti, usubiri uone mashavu yanavyofunguka. Waiti balansi usiiache oto: piga picha karatasi nyeupe pale pale alipokaa, kisha uiambie kamera iifuate hiyo picha.

Saa sita mchana usimtoe. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linakaa utosini na macho yanakuwa mashimo meusi. Saa tatu asubuhi au saa kumi jioni ni nzuri.

kijana_wa_uru

Asanteni sana wakuu, na shikamoo Mama Redio. Nimefuata, mistari imekwisha kabisa. Maiki nimepata mjini na hela imebaki. Barazani uso wa babu umekuwa na rangi yake halisi, hata shangazi ameuliza kama nimebadilisha kamera.

Yamebaki mawili. Fokasi inakwenda na kurudi babu akiinama mbele, na huinama hasa pale habari inaponoga. Nilifikiria lenzi ya 50 f/1.8, itasaidia? La pili, nataka kufungua na kilele cha Kibo halafu maji ya mfongo, lakini nje kwa 1/50 picha inakuwa nyeupe tupu hata kwa ISO 100.

Mama Redio

Marahaba mwanangu.

Fundi wa Sakina

Hiyo 50 ni lenzi nzuri, ila kwa tatizo hili itakuongezea. Kwa f/1.8, babu akiwa mita mbili, ana kama sentimita 5 za kusogea mbele kabla hajaanza kufifia. Kwa lenzi uliyonayo, ukiwa kwenye 35 na f/5.6, ana karibu 30. Hizo zinamtosha kuinama. Baraza la mchana lina mwanga wa kutosha kwa hiyo f/5.6 bila kupandisha ISO sana.

Fokasi weka kwa mkono. Kabla ya kurekodi, bonyeza kitufe cha kukuza hadi mara 10, tafuta jicho lake kwenye skrini, zungusha taratibu hadi uhesabu kope. Rudisha skrini, rekodi, ondoa mkono kwenye lenzi.

Nje, kwenye jua kali, 1/50 na ISO 100 vinadai f/22, na hapo lenzi inapoteza ukali wake. Dawa ni filta ya ND, miwani ya jua ya lenzi. ND64 inakata stopu 6 (kila stopu ni nusu ya mwanga), yaani kutoka f/22 unashuka hadi f/2.8. Yako haifiki huko, utakaa f/4 au f/5.6 kwa raha, na mwanga unaopungua unauongeza kwa kupandisha ISO hadi 200 au 400. Kipenyo cha lenzi yako ni 58.

Kibo iwahi kabla ya saa mbili asubuhi, wingu halijapanda. Kutoka Uru mlima uko kaskazini, kwa hiyo jua linatokea kulia kwako: upande mmoja wa theluji unawaka, mwingine uko kwenye kivuli, na mabonde yanaonekana. Ukiwa kwenye tripodi, kitulizi cha lenzi kizime.

Maji ya mfongo jaribu kwa ukubwa wa 720, fremu 50 kwa sekunde, shata 1/100. Ukiyachezesha kwa 25 yatakwenda nusu ya mwendo.

Kahawa Chungu

Usisahau nafasi kwenye kadi. Video ya 1080 kwa kamera hiyo inakula kama MB 330 kwa dakika, GB 32 ni karibu saa moja na nusu. Na kurekodi kunakatika kwenyewe ikifika dakika 29 na sekunde 59.

Mama Redio

Ikikatika usimwambie babu asubiri. Simu mfukoni inaendelea, wewe bonyeza tena, piga kofi tena, kimya kimya. Na kabla hujashuka mjini, nakili kila kitu mahali pawili.

Mdau_Njiro

Nimesoma yote, nakubali kwa kazi hii ulichonacho kinatosha. Kijana, usinunue ND. Ninayo ND64 ya 58, imekaa tu kwenye droo tangu nibadilishe kamera. Ijumaa nashuka Moshi, nitumie ujumbe binafsi tupange pa kukutana, utanirudishia Januari.