Kiuno sentimita 108, CRP 6: nitumie nini kushusha inflamesheni?

Mkazi_Mwanga: Wakuu, niko Mwanga hapa Kigoma. Kilo 104, magoti yanauma, asubuhi mwili mzito. CRP, kipimo cha damu cha inflamesheni (uvimbe wa ndani kwa ndani), ilisoma 6 mg/L, nikaambiwa ni mafuta ya tumboni. Naombeni dawa ya kuishusha haraka, naogopa kisukari.

Bangwe77: Punguza mawese. Migebuka tunaizamisha kwenye mafuta, halafu tunashangaa vitambi.

Dada_Katubuka: Kijiko kikubwa cha mawese ni kalori kama 120, apime tu. Mkuu, seli za mafuta ya tumboni zikivimba sana hukosa oksijeni, nyingine hufa. Makrofeji, yaani seli za kinga, huja kuzisafisha na kumwaga kemikali za inflamesheni, TNF-alpha na IL-6. IL-6 hulisukuma ini litoe protini ya CRP. TNF-alpha huizuia insulini isifanye kazi. Dawa ya maumivu haigusi chanzo hicho. Unameza nini sasa?

Mkazi_Mwanga: Vidonge vya kawaida tu.

Dada_Katubuka: Vipi? Taja jina.

Mkazi_Mwanga: Prednisolone 5 mg, viwili kila asubuhi, mwezi wa tatu huu. Nilinunua dukani bila cheti. Lakini natembea vizuri, na kopo jingine nimeshalipia.

Mzee_Gungu: Njia za mkato hizi zitawamaliza, wanangu.

Reli_ya_Kati: Hii chai. Prednisolone ni steroidi, inashusha CRP, wewe hiyo 6 umeitoa wapi? Kesho atatuletea juisi ya kukata kitambi.

Mkazi_Mwanga: Siuzi chochote. Nilipima kabla ya kuanza vidonge.

Reli_ya_Kati: Basi sawa, ila kipimo hicho hakikuonyeshi hali ya leo.

Dada_Katubuka: Kweli. Na vidonge hivyo huongeza njaa, hupandisha sukari na kurundika mafuta tumboni na usoni, yaani palepale unapopakimbia. Ila USIACHE GHAFLA. Ukipitisha wiki tatu, tezi za juu ya figo huzembea kutengeneza homoni ya kotisoli. Ukikata mara moja unaweza kutapika, presha ikashuka, ukazimia. Nenda hospitali ya Maweni na kopo lako, daktari akupunguzie dozi kidogo kidogo. Sukari pima pia saa mbili baada ya chakula cha mchana, maana dozi ya asubuhi huipandisha mchana na jioni; ya kabla ya kula inaweza kusoma safi. Ikifika 11.1 mmol/L, mwambie siku hiyohiyo. Uzito anza kwa kupunguza kilo 5.

Mkazi_Mwanga: Na hilo kopo jipya?

Dada_Katubuka: Usiongeze hata kidonge kimoja. Endelea na viwili mpaka daktari akuone, wiki hii.